Chai na andazi havitoshi dakika 90

SAA kumi jioni, viwanja vya Mnazi Mmoja, pale Mji Mkongwe unapopakana na Ng'ambo. Vijana wanapasha misuli, wengine viatu vya kuazima. Wataje Feisal Salum 'Fei Toto', mtoto wa hapa hapa aliyetoka JKU kwenda Yanga mwaka 2018, macho yanawaka. Waulize wamekula nini tangu asubuhi, wanaangaliana. Chai ya rangi na andazi. Aliyebahatika kaongeza urojo.

Dakika 20 za mwanzo utawapenda, pasi zinatembea. Kipindi cha pili wameshika viuno, misuli inakaza. Jukwaani watu wanapiga kelele, "mvivu huyo, mtoe!" Si uvivu bwana, ni njaa.

Sehemu kubwa ya mchele tunaokula Zanzibar inatoka nje, na ngano vile vile. Vita vya Ukraine vya 2022 vilipandisha bei ya ngano duniani. Julai 2023 India ikazuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati, bei ikapaa tena. Chakula kikipanda, mama haachi kupika wali. Anachopunguza ni kitoweo. Samaki anabaki harufu kwenye mchuzi, matunda yanasahaulika. Tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa.

Hapo ndipo mchezaji anapoumia. Protini inajenga misuli iliyochoka, madini ya chuma yanasaidia damu kubeba oksijeni. Kijana wa miaka 16 bado anakua, na kila jioni anakimbia. Akivikosa anachoka mapema, na jeraha linachelewa kupona.

Dawa tunayo. Muhogo, majimbi, viazi vitamu na ndizi vinalimwa hapa Unguja. Dagaa wanaochemshwa na kuanikwa Kama na Mangapwani wanasafirishwa mpaka Kongo, huku winga wetu anatafuna mkate mkavu.

Viongozi wa klabu za mitaani, kabla ya kununua jezi mpya, nunueni sufuria. Mara tatu kwa wiki, baada ya mazoezi, muhogo kwa dagaa na chungwa moja kila mtu. Wazazi na wenye maduka wakichangia kidogo kidogo, inawezekana kabisa. Jezi ya zamani inafuliwa ikavaliwa tena. Goti la kijana likishaharibika, hakuna wa kulifua.