Kuanza kuchangia programu huria za kompyuta

Kuchangia programu huria ni kazi ya kuboresha programu za kompyuta ambazo msimbo chanzo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza tena. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya kujitolea, ingawa wako wanaolipwa kuifanya. Makala hii inahusu programu za kompyuta ya mezani na kompyuta mpakato, kama vile LibreOffice ya kuandikia na kuhesabu, GIMP ya picha, Inkscape ya michoro, Audacity ya sauti, pamoja na mazingira ya GNOME na KDE yanayotumiwa juu ya Linux. Inaeleza mchangiaji mpya huanzia wapi na hukwama wapi, hasa akiwa mzungumzaji wa Kiswahili.

Neno "huria" halina maana ya "bure" tu. Programu inaweza kutolewa bila malipo na bado mwenyewe akakataza watu kuifungua na kuirekebisha. Programu huria huja na leseni inayotoa ruhusa hiyo kwa maandishi. Kwa sababu ya leseni hiyo, mwanafunzi wa Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, ana haki ileile ya kurekebisha LibreOffice aliyo nayo mhandisi wa Ujerumani. Lakini haki ni jambo moja, na kuitumia ni jambo jingine.

Mfano wa Jambo OpenOffice

Mfano unaojulikana zaidi katika Afrika Mashariki ni mradi wa KiLinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya ushauri ya IT46 ya Uswidi. Mradi ulianza kwa kuandaa faharasa ya istilahi za kompyuta, kisha ukatafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice.org. Matokeo yake, Jambo OpenOffice, yalitolewa Desemba 2004. Kwa mara ya kwanza mtumiaji aliweza kuandika barua, kupanga hesabu na kuchapa huku menyu zote zikimwambia "Hariri", "Nakili" na "Bandika".

Hata hivyo programu huria haikai mahali pamoja. Jambo OpenOffice ilijengwa juu ya toleo la 1.1. Oktoba 2005 OpenOffice.org ilitoa toleo la 2.0 lenye menyu na madirisha mengi mapya. Septemba 2010 sehemu kubwa ya watengenezaji wake walijitenga na kuanzisha LibreOffice, ambayo hutoa matoleo makubwa mawili kila mwaka, kwa kawaida Februari na Agosti. Kila toleo huongeza maneno mapya na kubadilisha ya zamani. Tafsiri iliyokuwa kamili mwaka mmoja huwa na mapengo mwaka unaofuata, na mahali penye pengo programu huonyesha Kiingereza. Ndiyo maana mtu hufungua dirisha moja akakuta nusu yake ni Kiswahili na nusu Kiingereza, akaamua kurudi kwenye Kiingereza moja kwa moja.

Kiswahili bado kimo katika orodha ya lugha za LibreOffice, kwa msimbo wa sw-TZ. Tatizo si kupata mradi mwingine mkubwa wa miaka miwili. Kinachohitajika ni watu wachache wanaorudi kila miezi sita, na watu hao hupatikana tu ikiwa wanaoanza hawakati tamaa wiki ya kwanza.

Tafsiri: mlango ulio karibu

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili asiyejua kuandika msimbo, tafsiri ndiyo mlango ulio karibu zaidi. Programu nyingi huria hutumia mfumo uitwao gettext. Maneno yote ya programu huwekwa katika faili la PO, ambamo kila sentensi ya Kiingereza hufuatwa na nafasi ya tafsiri yake. LibreOffice hupokea tafsiri kupitia tovuti ya Weblate, na GNOME kupitia tovuti yake yenye jina la utani la Damned Lies.

Kazi hii huonekana rahisi hadi mtu anapokutana na ngeli. Kiingereza kina neno moja tu kwa kitu kipya cha aina yoyote. Kiswahili kinadai "hati mpya", "dirisha jipya" na "kichupo kipya". Mtafsiri anayeona neno hilo peke yake, bila kujua limeandikwa kwenye kitufe gani, hawezi kujua kiambishi sahihi. Dawa yake ni kufungua programu yenyewe na kutazama, au kusoma maelezo ya muktadha ambayo mtengenezaji mwangalifu huyaacha ndani ya faili. Vivyo hivyo neno "Open" laweza kuwa amri, "Fungua", au hali, "Wazi".

Ugumu zaidi uko kwenye sentensi zenye alama ya %s, ambayo kompyuta huibadilisha kwa jina la kitu programu inapotumika. Sentensi ya kuarifu kwamba %s kimefutwa haiwezi kutafsiriwa mara moja ikafaa vitu vyote, kwa maana kitabu kimefutwa, picha imefutwa, faili limefutwa na ujumbe umefutwa. Watafsiri wazoefu hukwepa mtego kwa kubadili muundo: "Kufuta %s kumekamilika". Hapo kitenzi kinapatana na "kufuta", na kitu chochote kinaweza kukaa katikati. Alama yenyewe isifutwe wala kuandikwa vibaya, kwa kuwa programu inaweza kuonyesha ujumbe wenye makosa au hata kujifunga. Alama za _ au & zilizo mbele ya herufi nazo zina kazi yake: huonyesha herufi ya kubonyeza pamoja na Alt ili kufungua menyu, na katika dirisha moja herufi hiyo isirudiwe.

Istilahi ni chanzo kingine cha mabishano. Kompyuta imewahi kuitwa tarakilishi na ngamizi, na kifaa cha kuelekezea mshale huitwa kipanya au puku. Mchangiaji mpya mara nyingi huja na maneno yake mazuri na kutaka kuanza upya. Ni afadhali afuate maneno yaliyokwisha kutumika katika programu hiyo, hata asipoyapenda. Mtumiaji hupotea zaidi anapoona maneno mawili kwa kitu kimoja kuliko anapoona neno moja asilolizoea.

Kisahihisha tahajia

Kazi isiyotajwa sana ni kamusi ya kukagua tahajia. LibreOffice hutumia injini ya Hunspell, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya Kihungaria, lugha yenye viambishi vingi. Hunspell husoma mafaili mawili: moja lina orodha ya maneno, la pili lina kanuni za kuunganisha viambishi. Kamusi ya Kiswahili ipo, lakini vitenzi huisumbua. Neno kama "hatutawaambia" limebeba kikanushi, mtendaji, wakati na mtendewa kabla ya kufika kwenye mzizi. Orodha ya kawaida haiwezi kumaliza maumbo yote ya kila kitenzi, kwa hiyo mistari myekundu hutokea chini ya maneno sahihi kabisa. Mwanafunzi wa isimu anayezijua kanuni za viambishi anaweza kusaidia hapa kuliko mtaalamu wa kompyuta asiyejua lugha.

Kuripoti na kuthibitisha hitilafu

Si lazima kutafsiri wala kuandika msimbo. Kila mradi mkubwa una daftari la hitilafu mtandaoni. Ripoti nzuri hutaja toleo la programu, mfumo wa kompyuta, hatua zilizofuatwa moja baada ya nyingine, kilichotarajiwa na kilichotokea. Ripoti inayosema tu kwamba "programu haifanyi kazi" haimsaidii mtu.

LibreOffice hupokea ripoti nyingi ambazo hazijathibitishwa na mtu wa pili. Mgeni anaweza kuchukua moja, kufuata hatua zake kwenye kompyuta yake na kuandika kama tatizo limetokea au la. Kompyuta kuukuu haina ubaya kwa kazi hii. Hitilafu inayojitokeza kwenye mashine ya stesheneri yenye kumbukumbu ndogo inaweza isionekane kamwe kwenye kompyuta mpya ya mtengenezaji.

Kuandika msimbo

Wanaotaka kuandika msimbo hutafutiwa kazi ndogo. LibreOffice huziita Easy Hacks: kila moja hueleza tatizo, huonyesha sehemu ya msimbo inayohusika na hutaja kiwango cha ugumu. GNOME na KDE nazo hutia lebo kazi zinazowafaa wageni.

LibreOffice ina kisa cha kufurahisha katika jambo hili. Asili yake ni StarOffice ya kampuni ya Kijerumani ya StarDivision, iliyonunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999. Maelezo mengi ndani ya msimbo yalikuwa kwa Kijerumani, na watengenezaji wapya hawakuyaelewa. Kuyageuza kuwa Kiingereza ikawa mojawapo ya kazi za kwanza walizopewa wageni. Hakuna aliyeharibu programu kwa kutafsiri maelezo, lakini kila aliyeifanya alilazimika kupakua msimbo, kuubadilisha, kuutuma ukaguliwe na kujibu maoni. Alijifunza njia nzima kabla ya kugusa kitu cha hatari.

Wanaotafuta mafunzo yenye malipo wana programu mbili kubwa. Google Summer of Code ilianza mwaka 2005 kwa wanafunzi, na tangu 2022 imewafungulia pia wanaoanza wasio wanafunzi. Outreachy, iliyotokana na juhudi za GNOME za mwaka 2006 za kuwavutia wanawake, hutoa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu kwa mbali. Outreachy humtaka mwombaji atoe mchango halisi kwa mradi ndani ya kipindi cha maombi, kwa hiyo anayesubiri akubaliwe kwanza ndipo aanze huwa amechelewa.

Intaneti na umeme

Miongozo mingi huandikwa na watu wenye intaneti isiyokatika. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kigoma ulipata umeme wa majenereta ya dizeli nje ya gridi ya taifa, na vifurushi vya data hununuliwa kwa kuhesabu. Kwa mchangiaji wa Mwandiga uchaguzi wa kazi hutegemea pia ukubwa wa faili. Msimbo wote wa LibreOffice pamoja na historia yake ni gigabaiti kadhaa, na kuujenga huweza kuchukua saa nyingi. Faili la PO la programu ndogo halifiki hata megabaiti moja. Linaweza kupakuliwa mjini Kigoma, kutafsiriwa nyumbani kwa Poedit bila intaneti, na kurudishwa siku nyingine. Anayehitaji msimbo anaweza kuomba Git impe hali ya sasa tu bila historia, kwa kuongeza --depth 1 kwenye amri ya kunakili.

Ukimya na namna ya kuuvunja

Kinachowaondoa wageni wengi ni ukimya. Tafsiri hutumwa, kisha hakuna anayeijibu. Katika GNOME kila lugha ina timu na mratibu anayekagua kazi kabla haijaingia. Mratibu akiacha kufuatilia, mapendekezo hurundikana. Mgeni akingoja wiki mbili tatu bila jibu si utovu wa adabu kukumbusha, na kama timu imelala anaweza kuwaandikia waratibu wa tafsiri wa mradi mzima na kuomba kuichukua. Mazungumzo mengi ni ya Kiingereza, lakini sentensi tatu sahili zinatosha.

Upande wa pili, mkaguzi anayerekebisha makosa yote ya mgeni kimyakimya humnyima nafasi ya kujifunza. Kumwonyesha kosa moja na sababu yake huchukua muda zaidi leo, ila humpunguzia mkaguzi kazi ya mwaka ujao.

Lugha nyingine za Kigoma

Kiha, lugha ya wenyeji wengi wa mkoa huo, kina msimbo wa kimataifa haq na kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda. Kinyarwanda tayari kimo katika orodha ya lugha za LibreOffice. Lugha inayoanza upya huhitaji kwanza data za msingi, yaani majina ya siku na miezi na namna ya kuandika tarehe na namba, zinazokusanywa katika hazina ya CLDR. Baada ya hapo haifai kukimbilia programu yenye makumi ya maelfu ya sentensi. GCompris, mkusanyiko wa michezo ya kielimu ya watoto ulioanzishwa mwaka 2000 na sasa ukiwa chini ya KDE, hufanya kazi bila intaneti na hutumia pia sauti zilizorekodiwa za herufi, namba na maneno. Kuzirekodi kunahitaji mtu mwenye matamshi safi, chumba kimya na programu kama Audacity.