Al-Biruni: Mwanachuoni aliyeeleza dini za wengine kwa uadilifu

NDUGU Waislamu, elimu ya kuchunguza dini, mila na ibada za wanadamu hufundishwa vyuoni kana kwamba ilizaliwa Ulaya katika karne ya 19. Tunapenda kukumbushana kuwa zaidi ya miaka 800 kabla ya hapo alikuwapo mwanachuoni wa Kiislamu aliyeifanya kazi hiyo kwa ufanisi mkubwa. Huyo ni Abu Rayhan al-Biruni.

Alizaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, Asia ya Kati. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka nchi hiyo, na al-Biruni akachukuliwa hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Zama hizo majeshi ya Sultani yalikuwa yakiishambulia India na kuvunja mahekalu. Al-Biruni yeye alijifunza Kisanskriti, akawauliza wanazuoni wa Kihindu, akasoma vitabu vyao, na mnamo mwaka 1030 akakamilisha kitabu chake mashuhuri juu ya India.

Humo ameeleza itikadi zao kuhusu Mungu na roho, sikukuu, saumu, ziara za ibada, ndoa na mazishi. Katika utangulizi amebainisha kuwa hakuandika kitabu cha mabishano, bali anayaleta maneno ya Wahindu kama yalivyo, kisha anayalinganisha na ya Wayunani. Aidha, ametenganisha itikadi ya wasomi na ile ya watu wa kawaida. Masanamu, anasema, yamewekwa kwa ajili ya wasio na elimu. Wala hakuficha kuwa mashambulizi ya Mahmud yaliiharibu nchi ile na kupanda chuki dhidi ya Waislamu.

Je, kazi hiyo ilimtoa katika dini? La hasha! Qur'ani Tukufu inatuamrisha kuishuhudia haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu (An-Nisaa, 4:135), na agizo hilo amelikumbusha katika utangulizi wake.

Leo tunalalamika, na tuna haki, pale wageni wanapoandika kuhusu hijabu au maulidi bila kutuuliza. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaozungumzia tambiko la jirani, au ibada ya kanisani, kwa maneno ya kusikia tu? Kuielewa ibada ya mtu si kuiridhia. Ni kumpa haki yake kabla ya kumjibu.

Wabillahi tawfiq.