Makete ya gari la moshi: anzia kwa udongo wa kwetu

Reli ya Kisangani–Ubundu ilimalizika mwaka 1906, kilomita 125 hivi, juu ya kuzunguka maporomoko ya Boyoma. Ukitaka kuonyesha watoto ile reli kwa makete, usipake barabara ya Lubunga rangi ya duka. Chota udongo wenyewe.

Lakini angalia: kwa kipimo cha 1/87, punje ya mchanga ya milimita 1 inakuwa jiwe la karibu sentimita 9! Kausha udongo, uchekeche kwa kitambaa chepesi. Paka gundi nyeupe juu ya kartoni, nyunyiza, kisha pitisha kigari kabla haijakauka, alama za magurudumu zibaki. Tone la vanishi ndani ya shimo linakuwa dimbwi. Hapo mtoto atatambua: hapa ni kwetu.