Bei ya kesho: kazi ya makampuni ya makadirio ya uchumi



Mdogo wangu mmoja anayesoma uchumi Lubumbashi aliniuliza: «Yaya, kuko makampuni yanauza utabiri wa uchumi. Ni banganga ba kisasa ao ni nini?» Nilimjibu kwa simu, lakini naona wengi wetu tuna swali hilo, basi niliandike vizuri hapa.

Kampuni ya namna hii haiuzi kesho. Inauza hesabu yenye sharti: «kama hili likitokea, lile litafuata, kwa kiasi fulani.» Economist Intelligence Unit inafanya kazi hiyo London tangu 1946. Oxford Economics ilianza 1981. Kwa upande wa madini kuko CRU, ya London pia, iliyoanzishwa 1969, na Benchmark Mineral Intelligence ya mwaka 2014, inayofuata madini ya betri. Ni kusema kobalti yetu kuko watu mbali sana wanaolipwa kuihesabu.

Wanauza nini hasa?

1. Ripoti. Mteja analipa kwa mwaka, anapata makadirio ya kila nchi: pato la taifa, kupanda kwa bei, thamani ya franka mbele ya dola.

2. Takwimu na modeli. Mteja anabadilisha namba moja kwenye kompyuta, tuseme bei ya mafuta, na kuona nchi gani itaumia na kwa kiasi gani.

3. Hatari ya nchi. Kabla benki ya nje haijakopesha kampuni ya Kinshasa, inataka kujua kama makuta yake yatarudi. Nchi ikionekana ya hatari, riba inapanda.

4. Utafiti wa kuagizwa. Kampuni ya migodi inaweza kuomba: «Tuhesabieni tunaleta kazi ngapi Lualaba.» Hapa tufungue macho: anayelipa ndiye anayechagua swali.

Kazi yenyewe inafanyika kwa hatua tatu. Kwanza wanakusanya takwimu. Pili wanaziingiza katika modeli, ni kusema hesabu zinazounganisha mambo: bei ya shaba ikishuka, dola zinazoingia zinapungua, franka inalegea, unga unapanda bei sokoni. Tatu, watu wenye uzoefu wanakaa na kurekebisha, juu modeli haisikilizi habari za redio. Mwishoni wanatoa njia tatu: ya katikati, nzuri na mbaya. Anayesoma ya katikati peke yake hajasoma kadirio lote.

Je, wanakosea? Sana. Mwaka 2018 bei ya kobalti ilipita dola 90 000 kwa tani. Wengi walisema magari ya umeme yataongezeka, na kweli yaliongezeka. Lakini katikati ya 2019 bei ilikuwa chini ya dola 30 000. Juu ya nini? Mashimo ya Lualaba yalitoa kobalti haraka kuliko viwanda vilivyoweza kuitumia, na watengeneza betri walikuwa wanapunguza kobalti ndani ya betri zao. Agosti 2019 Glencore ikatangaza kwamba itasimamisha Mutanda, mgodi uliokuwa wa kwanza duniani kwa kobalti. Ni kusema unaweza kupatia uhitaji na bado ukakosa bei.

Sasa hii inatuhusu nini? Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka kwetu. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje, na Oktoba mwaka huo ikaanza kuweka kiasi: tani 96 600 kwa mwaka 2026, na vilevile kwa 2027. Nyuma ya namba hiyo kuna kadirio. Ukifunga sana, bei inapanda, lakini watengeneza magari wanakimbilia betri zisizo na kobalti, na kuwarudisha ni vigumu. Ukifungua sana, bei inaanguka, na wa kwanza kuumia ni mchimbaji wa mikono anayeuza kwenye depo Kolwezi. Mpaka uko wapi? Hilo njo swali ambalo makampuni haya yanalipwa kulijibu.

Tuangalie pia mkataba wa Sicomines. Ulipopitiwa upya Machi 2024, upande wa Wachina ulikubali kutoa dola milioni 324 kila mwaka kwa miundombinu, hasa barabara, kwa sharti kwamba bei ya shaba ikae juu ya dola 8 000 kwa tani. Maana yake, barabara zetu zimefungwa kwenye bei ya soko la London. Katika mazungumzo ya namna hiyo, upande ulio na makadirio ya shaba ya miaka kumi na mitano unajua sharti hilo lina thamani gani. Upande usio nayo unatia saini na kuomba Mungu.

Udhaifu wetu mkubwa ni takwimu. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984. Kila «pato kwa kichwa» unalosoma limegawanywa kwa idadi ya watu inayokadiriwa. Wale wa London hawana sensa yetu ya siri, nao wanakadiria. Kwa hiyo kijana anayeandika kila wiki bei ya unga Bukavu, ao anayehesabu malori Kasumbalesa bila kuruka siku, anatengeneza kitu ambacho modeli zao zinakitafuta.

Ukikutana na kadirio lolote, liulize maswali manne. Nani amelipa? Limetolewa tarehe gani? Limesimama juu ya sharti gani? Njia mbaya inasema nini? Ripoti isiyojibu hayo, usiinukuu kwenye kazi yako ya mwisho wa masomo.

Halafu jizoeze. Chagua namba moja, kwa mfano franka ngapi kambisti wa mtaa wako atatoa kwa dola moja baada ya miezi sita. Andika kadirio lako, sababu zake na tarehe. Siku ikifika, linganisha, tafuta ni sharti gani lilivunjika, uandike tena. Makampuni yale makubwa nayo yanafanya hivyo hivyo, miaka na miaka, na kazi hiyo haihitaji kwanza ofisi ya London. Inahitaji daftari na uvumilivu.