Mzigo Hutuliwa kwa Nani? Imani na Hofu katika Nchi ya Abagusii (Sehemu ya Tatu)

Mauaji ya wanawake wazee wanne huko Marani, Kaunti ya Kisii, mnamo Oktoba 2021, kwa madai kwamba walikuwa wachawi, yamelirudisha mezani swali lililoachwa mwishoni mwa sehemu iliyotangulia, yaani inakuwaje watu wanaojaza makanisa kila Jumamosi na kila Jumapili, wakiimba kwamba mashaka yao wamemwachia Mungu, wakatoka humo na kumtafuta jirani wa kubeba lawama za ugonjwa wa kijana wao.

Andiko linalotajwa zaidi katika jambo hili ni Waraka wa Kwanza wa Petro 5:7, linalowaambia waumini wamtwike Mungu fadhaa zao zote. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumiwa hapo kwa kutwika hutokea mara moja tu kwingineko katika Agano Jipya, katika Luka 19:35, ambapo wanafunzi wanatupa mavazi yao juu ya mwana-punda. Kwa hiyo kinachoelezwa ni mzigo unaohamia mgongo mwingine, wala si mzigo uliotelekezwa njiani. Mwanamke anayefika soko la Daraja Mbili mjini Kisii na mkungu wa ndizi kichwani, ngata imemkaa vizuri na shingo imekaza, haubwagi mkungu huo, bali husimama akangoja mwenzake aupokee. Ikumbukwe pia kwamba mstari wa 8, ambao wahubiri wengi huupita kimya, unamwamuru muumini huyohuyo awe na kiasi na akeshe.

Tofauti kati ya kutua na kubwaga inaonekana waziwazi katika historia ya dini ya Mumbo, ambayo inastahili kusomwa zaidi ya inavyosomwa. Mnamo 1913, Onyango Dunde, Mluo wa Alego, alitangaza kwamba Mumbo, joka kubwa la ziwani, lilimmeza, likamtema akiwa mzima, na kumtuma awaambie watu wasilime tena, kwa kuwa Mumbo angewapa chakula tele na ng'ombe wangetoka majini, nao Wazungu wangetoweka. Habari hizo ziliingia Gusii haraka, zikachanganyika na kumbukumbu za Sakawa, nabii wa Abagusii, ambaye wengi walitarajia arudi. Wakati huo misheni za Kikristo zilikuwa changa sana: Wakatoliki walikuwa wamefika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafungua kituo chao Nyanchwa mwaka uliofuata. Wajerumani walipoingia Kisii Septemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, na maofisa wa Kiingereza wakaondoka, wengi waliona utabiri umetimia, wakapora mji na vituo hivyo viwili. Kisha Waingereza wakarudi na adhabu kali, na baadaye baadhi ya viongozi wa Mumbo wakahamishiwa Lamu. Hasira ya watu hao dhidi ya utawala wa kigeni ilikuwa na sababu za kutosha, lakini mafundisho ya kuacha jembe yalikuwa kubwaga mzigo, si kuutua, na hayakumshibisha mtu yeyote, na yeyote anayehubiri leo kwamba imani inaondoa haja ya shamba, hospitali au shule anafundisha Mumbo kwa jina la Kristo.

Mbali na Mumbo, hofu ya misiba ya nyumbani ilipelekwa kwa omoragori, yaani mpiga ramli, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke, na ambaye familia ilimwendea ili ijue kama msiba umeletwa na ebirecha, yaani mizimu ya wahenga, au na omorogi, yaani mchawi. Ebirecha waliweza kuridhishwa kwa kafara, ilhali omorogi alikuwa mtu mwenye jina na mlango, na hapo ndipo hatari ilipolala. Mungu, ambaye Abagusii walimwita Engoro, alionekana kuwa mbali mno na mambo hayo. Jambo jipya lililoletwa na Injili ni kwamba huyo wa mbali ndiye anayepokea mzigo, hivyo muumini hana haja tena ya kutafuta mwenye kosa.

Fundisho hilo halijafika kila boma, kwani mwaka 2008 watu 11 walichomwa moto Kisii kwa tuhuma zilezile za uchawi. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya 1925 inamfanya mkosaji mtu anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa akipeleka tuhuma hiyo kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka mwingine. Wachungaji na mapadri wa Kisii na Nyamira waitangaze sheria hiyo madhabahuni, tena kabla ya sadaka, watu wakiwa bado wamekaa.