Jirani Mwenye Mabunge 47

Ukitoka Dodoma kwa basi, ukapita Kondoa, Babati na Arusha, serikali ya kwanza utakayokutana nayo ukishavuka Namanga si ile ya Nairobi. Ni ya Kaunti ya Kajiado. Ina gavana aliyepigiwa kura na wananchi wenyewe, ina mawaziri wake na bajeti yake, na mjini Kajiado kuna bunge lenye spika, kiongozi wa wengi na kiongozi wa wachache. Kenya nzima ina serikali 47 za namna hiyo. Sisi wa Chang'ombe ya Dodoma tumezoea Bunge moja, lililo hapa hapa mjini kwetu, na mkuu wa mkoa anayetangazwa kwenye taarifa ya habari kuwa ameteuliwa. Kwa hiyo tukisikia habari za uchaguzi wa Kenya tunasikiliza nani amepata urais, kisha tunazima redio. Sehemu kubwa ya habari inatupita hapo.

Mfumo huu umetokana na Katiba ya 2010, iliyopigiwa kura ya maoni Agosti 4 na kuanza kutumika Agosti 27 mwaka huo. Tangu hapo pamefanyika chaguzi tatu: Machi 4, 2013, Agosti 8, 2017 na Agosti 9, 2022. Mkenya akiingia kituoni hupewa karatasi sita kwa mpigo. Mwaka 2022 ya rais ilikuwa nyeupe, ya gavana buluu, ya seneta njano, ya mbunge kijani, ya mwakilishi wa wanawake zambarau. Ya sita, ya rangi ya kahawia iliyopauka, ilikuwa ya mwakilishi wa wadi, ambaye mitaani kila mtu humwita MCA. Wadi ni kama kata zetu. Ziko 1,450 nchi nzima. Nairobi peke yake ina 85, Lamu ina 10 tu. Juu ya hao waliochaguliwa, vyama huongeza wateule ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe, na ili makundi yaliyoachwa nyuma yapate sauti.

Wakati wa kampeni karatasi hiyo ya sita haina mwenyewe. Mgombea wa wadi husimama ukingoni mwa jukwaa akisubiri mkubwa amtaje jina na kumwinua mkono. Uchaguzi ukipita, mambo hugeuka. Gavana hawezi kutumia senti ya kaunti mpaka wawakilishi wapitishe bajeti. Makadirio yanatakiwa kufika mezani mwao ifikapo Aprili 30, na sheria ya matumizi iwe tayari kabla mwaka wa fedha haujaisha Juni 30. Mawaziri aliowapendekeza huhojiwa na bunge hilo na wanaweza kukataliwa. Fedha zenyewe si kidogo. Katiba imeagiza kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kwa mwaka 2025/26 zilitengewa Sh415 bilioni za Kenya. Mwisho kabisa, theluthi mbili ya wajumbe wote wakipiga kura kumwondoa gavana, shauri lake huenda Seneti, na Seneti ikithibitisha, amekwisha.

Kwa mamlaka hayo mtu angetarajia swali kubwa baada ya kila uchaguzi liwe hili: chama gani kimeshika bunge la kaunti, na kipi kimelipoteza? Marekani ndivyo ilivyo. Kule, mabunge ya majimbo yakihama mkono, sheria nazo zinahama. Mwaka 2022 chama cha Democratic kilishika mabaraza yote mawili ya jimbo la Michigan pamoja na ugavana, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa takriban miaka 40, na mwaka uliofuata kikafuta sheria ya kazi iliyovibana vyama vya wafanyakazi. Mwaka 2024 kikapoteza baraza moja, na kasi ikapungua. Mpiga kura wa kule anajua akibadilisha chama amebadilisha nini.

Kenya vyama vinabadilika kwa kasi kuliko huko. Chukua Kajiado hiyo hiyo ya mpakani. Mwaka 2013 ugavana ulikwenda kwa David Nkedianye wa ODM. Mwaka 2017 Joseph ole Lenku akaunyakua kwa tiketi ya Jubilee. Mwaka 2022 ole Lenku akarudi madarakani, safari hii kwa tiketi ya ODM, chama kile kile alichokuwa amekiangusha. Kwale ilimchagua Salim Mvurya kwa ODM mwaka 2013, ikamchagua tena mwaka 2017 akiwa Jubilee, kisha mwaka 2022 ikampa kura Fatuma Achani, aliyekuwa naibu wake, kwa UDA. Lamu, Issa Timamy alishinda mwaka 2013 akiwa UDF, akashindwa mwaka 2017 na Fahim Twaha wa Jubilee, akarejea mwaka 2022 akiwa ANC. Jubilee yenyewe iliundwa Septemba 2016 kwa kuunganisha vyama kadhaa, vikubwa vikiwa TNA na URP. Mwaka uliofuata ikatawala mabunge ya kaunti ya eneo la Mlima Kenya, na kufikia 2022 UDA ya William Ruto ilikuwa imechukua sehemu kubwa ya ngome hiyo. Chama kilichokuwa kila kitu katika uchaguzi mmoja kilikuwa mabaki katika uliofuata.

Ndiyo maana nasema kwamba kuhesabu vyama hakutoshi kuielewa Kenya. Ukitazama magavana walioondolewa, utaona wengi wao hawakuangushwa na wapinzani. Martin Wambora wa Embu, gavana wa kwanza kupigiwa kura ya kuondolewa, mwaka 2014, alitoka muungano wa Jubilee, uliotangulia chama hicho, katika eneo lililokuwa la muungano huo. Mahakama ndizo zilizomrudisha. Ferdinand Waititu wa Kiambu alichaguliwa kwa Jubilee, na bunge lililojaa wawakilishi wa Jubilee likamtoa Desemba 2019. Seneti ikathibitisha mwezi uliofuata. Mike Sonko wa Nairobi naye alikuwa Jubilee. Hoja dhidi yake ilitoka upande wa ODM, lakini iliungwa mkono na wajumbe 88 kati ya 122, hesabu ambayo isingefikiwa bila watu wa chama chake. Siku ya kura, Desemba 3, 2020, Sonko alikuwa Kwale, pwani, akiwa na kundi la wawakilishi aliodai wako upande wake. Wiki mbili baadaye Seneti ikamwondoa, na kwa kuwa hakuwa na naibu, spika wa bunge la kaunti, Benson Mutura, akaapishwa kukaimu ugavana wa jiji kuu.

Kisa cha Kericho kinaonyesha hesabu hizi zilivyo nyembamba. Gavana Erick Mutai ni wa UDA, na bunge lake ni la UDA pia. Kule Kericho mwaka 2022 chama hicho kilizoa karibu kila kitu. Oktoba 2024 wawakilishi 31 kati ya 47 walipiga kura aondoke. Hoja ilipofika Seneti, jambo la kwanza lililobishaniwa halikuwa fedha wala mwenendo wake, bali hesabu ya darasani. Theluthi mbili ya 47 ni 31 na kipande. Mtu hana vipande, basi walihitajika 32. Mmoja alikosekana, na shauri likaishia hapo hapo kabla tuhuma hazijasikilizwa. Agosti 2025 bunge lile lile likarudi na hoja nyingine, na Seneti ikamwokoa tena. Karibu mwaka mzima wa ugomvi wa ndani ya chama kimoja, na muda wote huo wakulima wa chai na wagonjwa wa zahanati walikuwa wakingoja kaunti itulie ifanye kazi.

Meru walikwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 2022 walimchagua Kawira Mwangaza, mgombea binafsi, akawashinda Kiraitu Murungi aliyekuwa gavana na Mithika Linturi wa UDA. Wakati huo huo wakachagua wawakilishi wa wadi kutoka vyama mbalimbali, na Mwangaza akaingia ofisini bila hata chama cha kumtetea ndani ya bunge lenye wajumbe 69. Alipigiwa kura ya kuondolewa mara tatu: Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Mara mbili za kwanza Seneti ilimnusuru. Ya tatu, kura bungeni zilikuwa zimepungua mpaka 49, tatu tu juu ya kiwango, lakini Seneti safari hiyo ikakubali. Alibaki ofisini kwa amri ya mahakama hadi Machi 2025, ndipo naibu wake, Isaac Mutuma, alipochukua nafasi.

Huenda msomaji akasema Mwangaza alianguka kwa kukosa chama. Ningekubali, kama si Nairobi. Johnson Sakaja alishinda ugavana mwaka 2022 kwa UDA huku muungano wa Azimio wa Raila Odinga ukipata wawakilishi wengi zaidi bungeni. Kwa hesabu ya vyama alikuwa pabaya tangu siku ya kwanza. Hata hivyo ilipofika Septemba 2025 na saini za kumwondoa zikakusanywa, walalamikaji walitoka pande zote mbili, na malalamiko yao yalikuwa ya fedha za maendeleo ya wadi na za basari za wanafunzi. Hoja ilisimama baada ya Rais Ruto na Raila kukutana na wawakilishi wa pande zao. Wakubwa hao wawili walikuwa wametia saini makubaliano ya kushirikiana Machi mwaka huo.

Hapo kwenye basari ndipo pa kutazama kwa karibu. Mwakilishi wa wadi anaishi na watu wake. Asubuhi mlangoni pake kuna mama mwenye fomu ya karo, kuna kijana anayetaka kujua lami itafika lini, kuna wazee wa kamati ya kisima. Hakuna hata mmoja anayemuuliza chama chake kina viti vingapi. Fedha zikikwama ofisini kwa gavana, anayetukanwa sokoni ni yeye, na uchaguzi unapofika wawakilishi wengi hawarudishwi. Wanakwenda bungeni na hasira hiyo, na gavana wa chama chao akiwa ndiye aliyefunga mkoba, chama hakiwazuii. Kwa upande mwingine, mfuko huo huo ndio unaowanyamazisha. Februari 2021 mabunge ya kaunti yalipotakiwa kuamua kuhusu mswada wa BBI wa kurekebisha Katiba, serikali kwanza ilikubali kuwapa wawakilishi ruzuku ya magari ya Sh2 milioni kila mmoja. Zilihitajika kaunti 24. Zikapitisha 43, ngome za Jubilee na za ODM kwa pamoja. Baringo ilikuwa ya kwanza kukataa, katikati ya vurugu. Mahakama ya Juu ilikuja kuuzima mswada huo Machi 2022.

Mahali pengine ugomvi ulivuka mipaka. Makueni, Septemba 2014, risasi zilifyatuliwa kwenye viwanja vya bunge la kaunti na watu wakajeruhiwa, baada ya miezi mingi ya wawakilishi kuvutana na Gavana Kivutha Kibwana juu ya bajeti. Wananchi waliwasilisha ombi kaunti ivunjwe, tume ikaundwa na kupendekeza hivyo hivyo, lakini Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Mwaka 2017 wananchi wakaamua wenyewe: Kibwana akarudishwa, na wawakilishi wengi waliokuwa wakipambana naye wakaachwa nje. Katika yote niliyoyataja, hili ndilo linalonipa matumaini zaidi, kwa sababu kura ya kahawia ilipigwa kwa kumbukumbu, si kwa kufuata mkono ulioinuliwa jukwaani.

Nyumbani tuliwahi kuonja kidogo. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 CHADEMA na wenzake wa muungano wa UKAWA walipata madiwani na wabunge wa kutosha kushika halmashauri za Ilala na Kinondoni, na Machi 2016, baada ya kuahirishwa mara kadhaa, Isaya Mwita akachaguliwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam. Januari 2020 akapigiwa kura ya kutokuwa na imani naye. Lakini katika halmashauri zetu mkurugenzi ni mteule wa Rais na ndiye anayesimamia fedha, kwa hiyo meya kubadilika chama hakukubadilisha mwenye kalamu ya hundi. Kenya kalamu hiyo iko kaunti, na wa wadi wanaweza kumnyang'anya aliyeishika.

Uchaguzi unaofuata huko ni Agosti 10, 2027. UDA na ODM ya Raila, waliokuwa mahasimu mwaka 2022, wamekuwa serikalini pamoja. Raila alifariki Oktoba 15, 2025, na nani atarithi ngome zake bado ni vita. Usiku wa matokeo redio zitasoma urais kwanza, kisha magavana. Majina 1,450 ya wadi yatabandikwa polepole kwenye milango ya vituo vya kujumlishia kura, mengi yakiwa mapya, na mwezi Septemba wenye majina hayo wataanza kuapishwa, watachagua maspika, na baada ya hapo magavana wataanza kuwahesabu mmoja mmoja.