Motokaa Isikose Mafuta Mlimani

Samaki wa Kyavinyonge hawamngoji mtu. Wakivuliwa katika Ziwa Edward hupandishwa hadi Butembo, mji ulio juu ya ziwa kwa zaidi ya mita 700.

Basi mwenye motokaa ya zamani akitaka kuondoa kabureta na kutia mtambo unaonyunyiza petroli kwa shinikizo, fundi wake aangalie kwanza tanki. Kabureta ina kibakuli chenye akiba kidogo. Pampu ikimeza hewa kwa nukta chache, injini haina habari. Mtambo mpya hauna akiba hiyo. Mlimani, tanki likikaribia kuwa tupu, petroli yote hukimbilia nyuma. Bomba lenye mdomo upande wa mbele huvuta hewa, injini ikazimika. Hapo breki zinazosaidiwa na injini, zikikanyagwa mara moja au mbili, huwa nzito, na nyuma yenu ni bonde.

Dawa ni tanki dogo la wima, la lita 1 au 2. Pampu ya nguvu ndogo hulijaza; pampu ya pili, yenye shinikizo la baa 3 hivi, huvuta kutoka chini kabisa. Petroli irudiyo kutoka injini huingia humo. Ziada na hewa hutokea juu, kwenda tanki kubwa. Mipira ya kabureta isitumike tena, kwani hupasuka na kuleta moto. Chujio nalo liwe jipya: petroli ya madumu mara nyingi huwa na maji.

Kisha motokaa ijaribiwe mlimani, tanki likiwa robo, bila abiria.